Siku Fundi Viatu Alipomzidi Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa fundi viatu alifungwa drafti na shemeji yake, fundi cherehani aliyemuoa dada yake mdogo. Kila mchana, kazi ikipoa, waliweka ubao juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya vibanda vyao, wakapanga vifuniko vya soda: vya fundi viatu kifudifudi, vya shemeji chali. Mtaa mzima ulimwita shemeji Kingi, maana kete zake zilifika mwisho wa ubao na kuwa kingi kama zimetumwa dukani.

"Shemeji, mkono wa gundi hauna akili," Kingi alimtania.

Fundi viatu alicheka meno nje. Moyoni alisema, iko siku.

Siku ikaja, Jumanne moja baada ya mvua. Kwa wiki kadhaa Kingi alikuwa anakoseakosea. Mteja mmoja alipimwa kiuno mara tatu. Watu wakasema uzee. Jumanne hiyo aliacha kete wazi ovyo. Fundi viatu akala mbili, akala mbili tena, akaingia kingi.

Kingi akainua macho, akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja mgeni.

"Samahani bwana," akauliza taratibu. "Zangu ni zipi?"

Fundi viatu akaupiga ubao kwa goti, vifuniko vikatawanyika matopeni.

"Aa, goti langu hili! Basi tumetoka sare."

"Sare na mimi?" Kingi akatabasamu. "Una bahati."

Jioni fundi viatu akaenda kwa dada yake. Alimkuta anakunja nguo, wala hakushtuka.

"Kaka, mimi ananidhani mama yake, wiki ya tatu sasa. Nashukuru wewe bado anakujua. Kila asubuhi ananiambia, 'Nipe koti, shemeji ananingoja.'"

Fundi viatu akamsaidia kukunja shuka.

Mvua zilipokwisha, Kingi hakuja tena kibandani. Cherehani ilibebwa nyumbani, ikawekwa dirishani. Jumapili fundi viatu humkuta hapo akikanyaga pedeli, sindano ikipanda na kushuka juu ya kitambaa bila uzi.

"Karibu, bwana," Kingi humwambia. "Nikushonee nini?"

"Suruali," hujibu yeye, kisha huvuta kiti.