Makochi ya Ipuli

Nakumbuka siku hiyo, mwanangu, na hasira yake sijaimaliza mpaka leo. Nilikuwa mchora ramani kijana hapa Tabora, chini ya msanifu majengo tuliyemwita Ndugu Hamidu. Miaka ile ya ujamaa kila mtu alikuwa ndugu, hata anayekuibia.

Kijiji kimoja upande wa Usinge kilifyatua matofali yake chenyewe, kikajenga zahanati kwa ramani yetu. Walipomaliza, wazee wakamwambia Hamidu, "Nyumba umeichora wewe, basi na vitanda tununulie wewe, fedha zetu hizi hapa." Hawakutafuta mtu mwingine. Mimi niliona ni heshima kubwa ajabu.

Tukaenda dukani mjini. Vilikuwepo vitanda vya mninga, vizito, vya kazi. Hamidu akavipita, akachagua vya vyuma vyembamba vilivyopakwa rangi ya kupendeza. Haukupita muda, makochi mapya yakashushwa nyumbani kwake, mtaa wa Ipuli, kutoka duka lile lile.

"Zawadi ya duka kwa mteja," akaniambia huku anacheka.

Baadaye mkunga wa kijiji, Bi Mwamvita, alisikia habari za makochi yale, akafunga safari mpaka Ipuli. Nilikuwepo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti kavu. Hamidu akamkaribisha kwenye kochi. Mama yule akaketi sakafuni.

"Karibu juu, mama," Hamidu akasema.

"Juu wapi? Kitanda ulichotuletea kimevunjika mzazi akiwa kwenye uchungu. Kaanguka nacho. Mtoto tumemzika. Kitanda cha maana cha mzazi yule ndicho hiki, umekigeuza kochi. Na mimi nikikalie?"

Hamidu akaanza kulaumu kiwanda. Bi Mwamvita akainuka, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kugusa maji aliyopewa. Yule bwana akabaki amekaa pale pale, na makochi hakuyarudisha!

Sasa nawe ni msanifu, mwanangu, na watu watakutuma uwanunulie samani na vifaa vya majengo yao. Nisikilize. Ukinunua kwa niaba ya mtu, punguzo ni lake na zawadi ni yake. Muuzaji akikupa kitu pembeni, kirudishe mbele za watu. Na usinichekee eti hayo ni ya zamani. Wenye makochi ya namna ile wapo hata leo, na nawakasirikia vilevile.

Nenda, Mungu aibariki kazi yako. Kila atakayelala juu ya kitu ulichomnunulia na aamke salama, yeye na mwanawe.