Sahani Tupu za Mama

Wajukuu zangu wanaoshea vyombo sabuni yenye harufu ya ndimu, nami nimewaachia, maana kila zama na watu wake. Lakini sufuria ikiungua kweli kweli hawana ujanja, hutoka uani wakachota mchanga na majivu. Ule mlio wa kukwaruza ukianza, mimi huwa siko tena nao. Nakuwa Temeke, enzi za Mwingereza, mtoto wa darasa la tatu, na mama yangu amechuchumaa mlangoni anasugua sahani ya jirani kana kwamba ataulizwa habari zake siku ya kiama.

Tulikuwa wageni. Baba alipata ukarani bandarini, akatutoa bara, tukapanga vyumba viwili katika nyumba ya udongo. Mama alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake aliye kilima cha pili, na kujitilia shaka haikuwa desturi yake. Siku ya kwanza aliinama akachota mchanga wa Temeke, akauchuja vidoleni, akasema watu wa huku ni hodari sana ikiwa hapa panaota kitu.

Jirani yetu alikuwa Bi Mwanaidi, mwenyeji hasa, Mzaramo aliyezaliwa palepale. Mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu kule Uzunguni, akirudi nyumbani Jumapili tu. Binti yao, Zuhura, alikuwa rika langu, na ndiye aliyenifundisha kuruka kamba, kusuka ukili na kucheka bila kufunga macho. Kabla yake sikuwa na rafiki mjini, na kwa kweli sikutaka mwingine.

Mwaka ule mfungo wa Ramadhani uliangukia masika. Sisi Wakristo hatukufunga, lakini jua lilipozama tu Zuhura alikuja na hodi yake, sahani kichwani imefunikwa kawa. Leo mihogo ya nazi, kesho maboga, keshokutwa tambi za sukari zinazonukia iliki mpaka baba anaacha gazeti. Tulikula tukashiba, mama akasugua sahani kwa majivu hadi maua yake yakakaribia kufutika, akanipa niirudishe usiku uleule. "Sema ahsante kwa sauti," aliniagiza, "usinong'one kama mwizi." Nami nilikwenda nikaisema kwa sauti. Bi Mwanaidi alipokea sahani, akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Haya."

Wenyeji wa pwani mnaonisoma mmekwisha kuliona kosa, na naona mnavyotikisa kichwa. Sisi hatukuliona. Sahani zilianza kuja siku moja moja, kisha zikakatika. Kisha Bi Mwanaidi akaanza kupita mbele ya mlango wetu, kwenda na kurudi, amejifunga khanga mpya iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE. Mama hakujua kusoma. Alikuwa ameketi kibarazani anachambua mchicha, akainua kichwa kwa furaha ya kweli, akasema, "Khanga yako nzuri, Bi Mwanaidi. Imekupendeza hasa hapo nyuma."

Mimi nilijua kusoma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake Zuhura hakuja kuniita. Nilimfuata penye bomba la maji, akawa anatazama ndoo yake. "Edita, mama kasema nyie watu wa bara hamna shukrani," akaniambia. "Sahani hairudi tupu. Hata chumvi mngetia, hata kitunguu kimoja. Kasema nisizoeane nawe." Hakusema kwa ubaya, alikuwa karibu kulia kama mimi.

Nilikimbia nikamweleza mama yote, na ya khanga nikamsomea. Nilidhani ataona haya, au atapandwa na hasira. Badala yake alicheka. Halafu akanieleza, huku anachambua mboga, jinsi bibi yangu alivyomlea. Mtu akikupa chakula, ukamrudishia chakula palepale, maana yake umemwambia: mimi na wewe tumemalizana, usinijue nisikujue. Sahani unairudisha safi, unakaa na wema wake moyoni, unangoja siku atakapohitaji mikono. Siku hiyo unakwenda na jembe lako bila kuitwa. "Tumbo hushukuru kwa mikono," alisema. "Mie nangoja tu. Tatizo huku hakuna shamba."

Nilimsihi aweke kitunguu. Akakataa katakata, akasema hamtukani jirani yake kwa kitunguu.

Basi mvua ikanyesha. Ilinyesha mfululizo, mitaro ikafurika, na alfajiri moja tukasikia kishindo, kisha sauti ya Bi Mwanaidi ikimtaja Mungu. Ukuta wa chumba chake cha mbele ulikuwa umelala chini, umebaki miti na fito tupu, na kitanda chake kinaonekana na kila apitaye njia. Kwa mwanamke mwenye stara kama yeye hilo lilikuwa zito kuliko hasara yenyewe. Majirani walikuja wakampa pole. Wanaume walisema tutakandika, Bi Mwanaidi, inshallah, ngoja Idd ipite. Huwezi kuwalaumu. Nani akanyage udongo mchana kutwa na funga mdomoni?

Mama alisimama mlangoni akiwasikiliza. Watu walipotawanyika aliingia ndani, akala ugali wa jana, wote, akafunga kibwebwe, akachukua jembe tuliloleta mjini huku baba akilicheka. "Wenzetu wamefunga," aliniambia, "mimi nimeshiba. Chukua ndoo."

Alikwenda kwenye shimo walikokuwa wakichimba udongo wa kujengea, nyuma ya nyumba za mwisho, akachimba, akabeba kwa karai, akarudi tena na tena. Akamwaga maji, akapandisha khanga magotini, akaanza kukanyaga huku anaimba nyimbo za kulimia za kwetu kwa ile sauti yake ya vilima viwili. Wenzangu wa shule walipita. Mmoja aliuliza huyo kibarua wenu ametoka wapi. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha, na hapohapo nikawa naendelea kuteka maji, kwa sababu kwa mama hakukuwa na njia ya tatu.

Bi Mwanaidi alitoka, akasimama na mkono kiunoni.

"Mama Edita, nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita."

"Mie sina cha kumlipa mtu."

"Nimeshalipwa," mama akasema, anatupa tonge la udongo kwenye fito. "Mihogo, maboga, na zile tambi. Zile tambi peke yake ni ukuta mzima."

Bi Mwanaidi hakuelewa, na mama akawa anamweleza huku anakandika, yale yale aliyonieleza mimi, ya bibi na jembe na kumalizana. Nilimwona yule mama wa mjini akisikiliza, mkono ukishuka taratibu kutoka kiunoni. Jua lilikuwa limepenya mawingu na mama anavuja jasho. Mara kwa mara aliondoka akaja kwetu, akafunga mlango, akanywa maji nyuma yake, akajifuta midomo kwa makini ndipo akarudi. Bi Mwanaidi aliliona hilo. Mara ya pili mama aliporudi alimkuta jirani yake amejifunga kibwebwe, amesimama ndani ya udongo na funga yake, anakanyaga. Mama alimwambia aache, asije akazirai. Akajibiwa kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Magharibi ukuta ulikuwa umesimama, mbichi, wenye alama za vidole vya watu wawili. Mama alifuturu nao, ingawa yeye alikuwa na haki ya kula tangu asubuhi.

Sasa sikieni kilichotokea siku ya Idd. Zuhura alikuja na sahani ya pilau, mikono ina hina, akanishika shingo kama hatukuwahi kutengana. Tulipokwisha kula mama aliosha sahani, akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kuwa anayo, "Hivi wao hutia nini?" Nikamwambia chochote. Akafungua mfuko wa maharage ya kwetu, yale aliyokuwa akimbania hata baba, akajaza sahani hadi ukingoni. Nilitembea nayo kwa maringo. Hatimaye tulikuwa watu kama watu.

Bi Mwanaidi alipofunua, uso wake ulibadilika. Aliichukua sahani, akanipita, akaenda moja kwa moja mpaka kwetu. Nilimfuata nikikimbia. Nikawakuta wamesimama kizingitini, kila mmoja ameishika sahani upande wake, wanasukumana.

"Chukua maharage yako, nipe sahani tupu."

"Sikupi. Huku kwenu sahani tupu ni dharau. Mie sikudharau."

"Na kwenu si ulisema mwenyewe ikirudi na kitu mtu kamalizana na mwenziwe? Mie sitaki tumalizane, Mama Edita."

Maharage yalikuwa yakimwagika miguuni mwao. Mimi na Zuhura tulianza kulia, tukijua kwamba safari hii ugomvi ni wa kweli na hatutaonana tena. Hakuna aliyetunyamazisha, kwa kuwa nao, nilipoinua macho, walikuwa wanalia, huku bado hakuna aliyeiachia ile sahani.

Ilinichukua miaka mingi, nyumba yangu mwenyewe na majirani wangu mwenyewe, kuelewa nilichokuwa nakitazama. Nimepewa shukrani nyingi maishani, na karibu zote zilikuwa za mtoaji, kwa namna aliyoizoea yeye. Wale wawili kila mmoja alikuwa ameiacha namna yake nyumbani, akaja kumshukuru mwenzake kwa namna ya mwenzake, wakagongana njiani. Nawapenda kwa hilo mpaka leo.

Sahani nani aliichukua, sikumbuki. Ninachojua ni kwamba Bi Mwanaidi ametangulia, na mama naye akamfuata, na mpaka tunawazika hawakuwa wamemalizana.