Linki ya Mama wa Nembo

Ni mimi niliyeifuta. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilisema ni mtandao, nilisema ni kompyuta, siku moja hata nikasema ni stima, na kwa kuwa stima hupotea kweli mtaani kwetu, nikaaminiwa. Ni mkono wangu huu, wenye shahada mbili, uliofuta linki ya mama wa nembo kwenye tovuti ya dada yangu.

Dada yangu ana duka la kushona Buruburu: sare za shule na majoho ya kwaya. Mimi huandika makala, kazi ambayo nyumbani kwetu huhesabiwa kama kukaa bure, kwa hiyo tovuti nilipewa mimi. "Wewe ndiye msomi," dada alisema, kwa sauti ambayo watu hutumia kumpa mtu ufagio.

Niliitengeneza kwa desturi ya huku kwetu. Mteja akiulizia kitu usicho nacho, humwambii hakuna ukageuka. Unatoka naye hadi nje, unanyoosha kidole: ona lile geti la bluu, bisha hapo, waambie ni mimi nimekutuma. Basi nikaweka ukurasa wa "Majirani Wetu" wenye linki tatu: muuza vifungo wa Gikomba, fundi wa viatu vya shule, na mama wa Makongeni anayedarizi nembo za sare zetu. Mama huyo alikuwa na ukurasa mmoja tu mtandaoni, aliotengenezewa na mkwewe, na hapakuwa na mahali pengine palipoelekeza watu huko ila kwetu. Nililijua hilo. Naliandika hapa nisije nikalikana pia.

Mambo yaliharibikia kwenye vifungo. Mke wa mzee wa kanisa alipiga simu amekasirika: amebonyeza vifungo vya blauzi, amepelekwa kwenye kamari. Nilidhani amekosea. Nikabonyeza mwenyewe. Mipira, magari, msichana anayetabasamu sana. Muuza vifungo alikuwa ameacha kulipia jina la tovuti yake, mtu mwingine akalichukua, na sisi, duka la sare, tukawa tunawapeleka wazazi kubahatisha mechi.

Mtu mwenye akili angefuta linki hiyo moja kisha anywe chai. Mimi nilisoma. Nilisoma siku tatu. Mshauri mmoja wa mtandaoni akanieleza kwamba injini za kutafutia huzipima tovuti kwa linki, na kwamba kila linki inayotoka kwako ni tundu kwenye tangi: nguvu yako inavujia kwa mwingine, nawe unashuka kwenye orodha. Chuo kikuu nilifundishwa kutilia shaka kila andiko. Hili nililiamini kabla sijamaliza aya. Nikaziba matundu yote matatu.

Kisha muujiza ukatokea. Nilitafuta "majoho ya kwaya Buruburu" kwenye simu yangu: tulikuwa wa tano. Kesho yake, wa tatu. Wiki iliyofuata tulikuwa juu kabisa. Nilimwonyesha dada. Nilimwonyesha mlinzi wa geti. Nikawa natafuta kabla ya kunawa uso, natafuta kwenye foleni ya benki, natafuta kanisani wakati wa matangazo, kama mtu anayegusa jino linalouma kuhakikisha bado linauma.

Mama wa nembo akaja siku moja na mfuko wake wa nembo.

"Mwalimu," aniitavyo, ingawa sijawahi kumfundisha mtu, "watu wangu wamepotelea wapi? Zamani kwa wiki nilipata simu nne, tano. Siku hizi simu ikilia ni mkwe wangu."

"Ni mtandao, mama. Hata sisi unatusumbua."

"Pole basi," akasema.

Alinipa pole. Mimi!

Tangu siku hiyo sikutulia kitini. Niliunguza ugali, jambo ambalo dada alisema linahitaji kipaji. Aya ya kwanza ya makala moja niliiandika mara sita. Nilijiambia kwamba kuwa juu kwenye orodha ni sababu tosha ya kumfuta. Lakini simu ikanizimikia nikiwa kwenye duka la dawa, na kwa kuwa sikuweza kungoja nifike nyumbani, nikamwomba mwenye duka simu yake.

"Madam, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nataka kutafuta kitu."

Nikatafuta. Hatukuwa juu. Nikateremka, nikateremka tena. Tulikuwa ukurasa wa tatu, chini ya duka la mapazia.

"Simu yako ina shida," nikamwambia.

"Simu yangu ni mpya. Yako ndiyo imekuzoea." Akacheka. "Ukibonyeza kitu kimoja kila siku, inakuletea hicho hicho. Yangu inaniletea mapishi ya samaki, na sijapika tangu nioe."

Niliomba simu nyingine tatu siku hiyo. Ukurasa wa tatu, wa tatu, wa tatu. Hatukuwa tumepanda hata kidogo. Simu yangu ilikuwa imenionea huruma tu.

Wiki hiyo hiyo dada, akikata kitambaa, akasema, "Mama wa nembo anauza mashine moja ya kudarizi. Mwezi ujao akikosa kazi, anarudisha chumba alichopanga, anaenda kukaa kwa mkwewe." Mkasi wake haukusimama. Niliyesimama ni mimi. Nilienda Makongeni kwa miguu, kwa sababu sikuweza kuketi popote.

Nilimkuta anabadilisha nyuzi. Kwenye mkoba nilikuwa na kurasa nne nilizochapisha, zinazoeleza kwamba linki ya kwenda kwa jirani wa kweli haidhuru kitu, kwamba hatari ni linki zilizokufa na zile za kuuzwa. Sikuzitoa.

"Mama, si mtandao. Nilikufuta mimi."

"Ulinifuta."

"Linki yako. Nilidhani ikibaki, duka letu litashuka."

"Na limepanda?"

"Halijapanda."

Akalowesha uzi kwa ulimi, akautia kwenye tundu la sindano bila kuhangaika. "Kwa hiyo mtu alifika mlangoni kwako akiniulizia, nawe ukaangalia kando."

"Ndiyo."

"Enda nyumbani, Mwalimu. Nitakupigia."

Alasiri hiyo niliirudisha linki yake, na ya fundi wa viatu. Ya muuza vifungo niliiacha. Nikaandika tu kibanda chake kiko upande gani wa Gikomba. Kisha nikangoja. Nilijikataza kutafuta, hivyo mikono ikakosa kazi. Nilienda kuoga na simu ndani ya mfuko wa plastiki. Kampuni ya simu ilinikumbusha kununua bando mara saba, na mara zote saba moyo uliruka. Siku ya tano nikapanga upya vitabu. Siku ya tisa nikavirudisha vilivyokuwa.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa naanika nguo simu ikalia.

"Mwalimu."

"Mama! Habari yako?"

"Sina wakati wa habari," akasema, huku nyuma yake kitu kikinguruma. "Kuna kwaya hapa kwangu, watu thelathini na wawili. Wanasema wameniona kwenu. Kudarizi nitadarizi, lakini majoho hawana. Mna nafasi, ama niwaonyeshe duka lingine?"

"Tuna nafasi."

"Umemuuliza dada yako?"

"Bado."

"Sikushangai. Basi nawatuma sasa hivi. Watasema ni mimi nimewatuma. Usiangalie kando."

"Siangalii, mama." Nilikuwa nimeshika shati lenye maji, linanichuruzikia miguuni. "Na ile mashine? Umeshaiuza?"

"Si ndiyo hiyo unaisikia?" akasema, akakata.