Mfasiri wa Vichekesho vya Marekani

Mfasiri wetu hapa ofisini Randburg, tunakotia maandishi ya Kiswahili kwenye vipindi vya televisheni, huanza kazi kwa kuzima kicheko. Vichekesho vya Marekani huja na sauti za watu wanaocheka, naye huzinyamazisha, kwa sababu, anasema, hataki kuambiwa wapi pa kucheka. Huitamka sentensi yake ya Kiswahili kwa sauti ya chini, akihesabu herufi kwa kugonga vidole mezani, mpaka ienee katika mistari miwili chini ya picha. Ikienea, ndipo anapocheka yeye, tena kwa nguvu, na mimi niliye meza ya pili najua sentensi imekaa.

Jumatano alifika mahali ambapo mhusika mkuu anamkejeli mfagiaji kutoka Kongo, kwamba kwao hata sabuni huisikia tu. Mfasiri wetu kwao ni Bukavu, Kongo hiyo hiyo. Roy, msimamizi, aliinama begani kwake. "Eish, dada, hapo weka utani mwingine tu, wa mvua au wa baridi. Watu watakasirika."

"Wakasirike. Hapo nimeirudisha sauti: Wamarekani wamecheka sekunde sita, kaka. Sisi tusijue tunachekwa?"

"Mkataba wako unaisha Ijumaa, na anayesaini mwingine ni mimi."

"Basi saini ukiwa umeisoma kejeli hii."

Akaiandika kejeli yote, bila kulainisha neno. Kisha akaenda mwisho wa kipindi, mahali ambapo mfasiri akipenda huweka jina lake, na ambapo kwa miaka mitatu alipaacha wazi. Akaandika lake, la baba yake na la babu yake.