Unyoya Uliodondoka Uwanjani

Bi Verna Ironcloud alikuwa na ugonjwa wa kuuliza maswali, na ugonjwa huo ulimweka mjukuu wake hatarini kukosa namba kwenye timu.

Timu yenyewe, ya shule ya mjini ng'ambo ya mto, iliitwa Machifu. Machifu wa wapi? Wachezaji wote Wazungu, Mlakota mmoja tu, wa wenyeji asilia wa Amerika: mjukuu wake, Kaylene. Na kila mechi ya kikapu, binti wa muuza matrekta alivaa taji la manyoya kama la machifu wa Kilakota, lililomfika kiunoni, akirukaruka pembeni kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Wiki iliyopita Bi Verna alishindwa kujizuia. Mpira ukichezwa, alishuka kutoka jukwaani kumuuliza yule binti manyoya yale ni ya ndege gani. Refa akapuliza filimbi. Kocha akamwambia Kaylene kwamba bibi akileta vurugu nyingine, yeye atakaa benchi hadi msimu uishe.

"Bibi, nakuomba," Kaylene alimsihi leo. "Wewe keti, ule bisi zako."

Akaketi kweli, akala bisi, ila macho hayakubanduka kwenye lile taji. Robo ya mwisho, unyoya mmoja ukachomoka ukatua ndani ya uwanja.

Kwa Walakota, unyoya wa tai ukianguka ngomani kila kitu husimama. Ule ni shujaa aliyeanguka, haokotwi ila na aliyekwenda vitani. Bi Verna aliendesha malori ya jeshi vitani, jangwani huko. Ni wa tai au si wa tai? Kutoka kule juu nani angejua! Miguu iliinuka kabla kichwa hakijaamua, bisi zikamwagika. Mama mmoja nyuma yake akacheka, akasema kaanza tena huyu.

Chini, Kaylene alikuwa na mpira na kikapu kiko wazi. Akauachia mpira, akasimama kuukinga unyoya usikanyagwe. Wapinzani wakaunyakua mpira wakafunga. Ukumbi mzima ukamzomea.

Bi Verna alifika, akainama, akauokota. Batamzinga, ncha imepakwa rangi. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Kocha akamwonyesha Kaylene benchi. Bi Verna naye akaenda kuketi palepale, kando ya mjukuu wake.

"Wa batamzinga," alimwambia. "Nisamehe, mjukuu wangu."

"Najua, Bibi. Tuliyapaka rangi wenyewe darasani."

"Sasa ulisimama kwa nini?"

Kaylene alijifuta jasho. "Nilikuona umeshainuka. Ningekuacha wakucheke peke yako?"