Afisa wa Benki Aliyefika Siku ya Sabato

Ukungu bado umevilalia vilima vya Kebirigo, na Nyanchera Osoro tayari ameinamia mikungu yake, akizibonyeza ndizi kwa kidole gumba kujua zipi zimeiva.

Chumba kizima cha kuivishia ndizi kinanukia utamu. Miaka miwili iliyopita hapa palikuwa na shimo tu. Alizifukia ndizi humo ziive, na nyingi zikaoza.

"Zingine nilikuwa nauzia madalali wa Nyakoe zikiwa mbichi, mkungu mia tatu," anasema. "Wakisema mia mbili na hamsini, unakubali tu. Utazirudisha wapi?"

Leo mkungu ulioiva humpa shilingi mia saba kule Keroka. Chumba alikijenga kwa mkopo wa shilingi laki moja na elfu themanini, mkopo aliokaribia kuukosa.

Mjane huyu wa miaka 54 alikuwa amekataliwa na benki mara mbili. Kisha likaja sharti kutoka juu kwamba benki zitenge sehemu ya mikopo kwa wakulima, na wale waliokuwa wakimpiga chenga wakaanza kumtafuta wenyewe.

Afisa wa mikopo, Ongeri, alifika kwa pikipiki Jumamosi. Fomu zilitakiwa mjini Kisii Jumatatu asubuhi. Alimkuta Nyanchera, Msabato asiyeyumba, ndiyo kwanza anatoka kanisani.

"Mama, ni sahihi tu. Dakika mbili," akamsihi.

"Leo ni Sabato, mwanangu. Kula kwanza, halafu uende."

Alikula, akaenda. Jioni Nyanchera alilia.

"Nilijua nimeupoteza mkopo," anasema. "Lakini singeweza."

Jumapili, jua likichomoza, pikipiki ikanguruma tena langoni. Ongeri, Mkatoliki, alikuwa ameacha misa.

"Nilikuwa nimebakisha mkulima mmoja kufikisha idadi niliyopewa," anakiri huku akicheka. "Ningempata wapi mwingine?"

Si wote wanaofurahia. Abdirahim, mwenye duka Keroka, amesubiri mkopo wake tangu Machi.

"Mimi naambiwa ningoje. Labda nipande migomba hapa kwa kaunta," ananung'unika, akizipanga ndizi za Nyanchera mbele ya duka.

Nyanchera anamwonea huruma, ila hajutii. Hulipa elfu tisa kila mwezi, na amebakiza miezi michache. Akimaliza, anataka chumba cha pili na majirani wawili wa kuwaajiri. Ongeri ameshamuuliza kama atachukua mkopo mwingine.

"Nimemwambia akuje Jumatatu," anasema, akifunga mlango wa chumba taratibu. "Tusikosee Mungu wa mtu yeyote."