Biskuti za Kumtazama Mgonjwa

Hapa Novellara usiombe kuugua. Ugonjwa wenyewe unavumilika, kisichovumilika ni biskuti. Ukivunjika mguu, ukipasuliwa nyongo, ukijifungua, hata ukikohoa kwa nguvu dirisha likiwa wazi, watu watakuja kukutazama, na hakuna atakayekuja mikono mitupu. Kila mmoja atashika pakiti ya savoiardi, zile biskuti laini za sponji ndefu kama kidole, na wengi wataongeza chupa ya pombe tamu, eti inarudisha damu mwilini. Mgonjwa hazili. Anaziweka stoo, anasubiri mwenzake augue, anampelekea. Nimeshuhudia pakiti moja yenye kona iliyobonyea ikizunguka mji kwa miaka mitatu, kutoka ngiri ya Learco mwokaji mikate hadi uzazi wa binti wa mhunzi, bila mtu kuifungua.

Aliyevuruga utaratibu huo ni mama mkwe wangu, Argia. Yeye alizifungua.

Alizaliwa bondeni, upande wa mto Po, mtoto wa sita wa watu waliochunga ng'ombe wa mwenye shamba. Akiwa na miaka kumi na minne alipelekwa Vercelli kupalilia mpunga, siku arobaini maji yakimfika magotini, akarudi na gunia la mchele begani na chuki ya vyura ambayo haijamtoka mpaka leo. Baadaye akaolewa na Dante, marehemu sasa, mfanyakazi wa kiwanda cha jibini, mtu mpole mwenye kasoro moja: hakumaliza chupa. Jumatatu alifungua pombe ya anisi, Jumatano akataka ya kahawa, Ijumaa akaonja ile nyeusi ya kokwa za walnati aliyopewa na kaka yake, na zote zikarudi kabatini zikiwa na pombe ya vidole viwili tu chini. Argia ni mtu asiyeweza kumwaga hata maji yaliyochemshiwa maharage. Akatazama chupa za mumewe, akatazama biskuti za wagonjwa, akavunja mayai.

Alichopika tunakiita supu ya Kiingereza. Si supu, na Mwingereza aliyeipika simjui. Ni biskuti zilizochovywa kwenye alkermesi, ile pombe nyekundu inayonukia mdalasini na karafuu, juu yake kastadi ya manjano, kisha biskuti tena, kisha kastadi ya chokoleti. Alkermesi ikipungua, Argia aliongezea mabaki ya Dante. Kila Jumapili bakuli la kioo lilikuwa mezani, na wageni walikuwa walewale walioleta biskuti. "Kula, Learco," angemwambia mtu wa watu bila haya. "Hizi ni zako za mwaka juzi."

Mimi niliingia nyumba hii miaka ishirini na sita iliyopita, mke wa Vanni, mwanawe wa kiume. Nilikuja na nguo zangu, cherehani yangu na imani kwamba najua kuchovya biskuti. Jumapili ya kwanza akaninyang'anya sahani.

"Unaizamisha! Unataka kuiua?"

"Si lazima ilowe, Mama?"

"Ilowe, isiogelee. Unaitia, unasema 'Salamu Maria, umejaa neema', unaitoa. Ukifika 'Bwana yu nawe' umeshaiharibu."

Miaka ishirini na sita! Nimelea watoto wawili, nimemzika baba yangu, nimeshona magauni ya harusi ya nusu ya wasichana wa mji huu, na bado kila Jumapili mwanamke huyu alisimama nyuma ya bega langu akinisalisha juu ya biskuti. Nilichoka naye. Sikuficha, nilisema dukani, nilisema kwa mtengeneza nywele, nilimwambia Vanni kitandani mpaka akajifunza kulala haraka.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Argia akateleza uani, akavunjika nyonga. Alilala hospitali siku kumi na tisa. Mimi nilikwenda mara mbili, macho yangu kwenye saa, nina gauni la kumaliza. Aliyekaa naye ni Oriele, jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane asiye na neno baya kwa mtu. Oriele alimlisha kwa kijiko, akamsuka nywele, akawa anaondoka pale tu muuguzi alipomfukuza. Kisha Argia akarudi nyumbani, na mji mzima ukaja kumtazama. Biskuti zilijaa stoo, zikapanda juu ya kabati, zikaingia chini ya kitanda.

Na Argia hakurudi yuleyule. Aliunguza maziwa mara mbili, hilo Vanni alilijua. Mengine sikumwambia. Sikumwambia kwamba niliwahi kumkuta getini asubuhi amevaa kofia ya majani na amekunja sketi, ananiuliza gari la Vercelli limeshapita. Sijui kwa nini nilinyamaza. Labda niliona nikisema nitakuwa nimeanza jambo nisiloweza kulimaliza.

Wifi yangu Ivonne aliposikia habari ya maziwa akatoka Milano mbio. Anaishi huko, anakuja Krismasi na Pasaka, na kila akija anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi langu. Safari hii akafungua stoo.

"Vanni! Njoo uone! Pakiti arobaini na tatu! Mama kachanganyikiwa!"

"Ni za wagonjwa," Vanni akasema.

"Wagonjwa gani? Mgonjwa si ni yeye?"

"Ndiyo, kwa hiyo ni zake."

Mume wangu akiulizwa jambo la maana hujibu hivyo, halafu anakwenda kutazama trekta. Akaenda. Ivonne akapiga simu kwa masista wenye nyumba ya kutunzia wazee nje ya mji, akaambiwa kitanda kipo kuanzia Jumatatu. Argia alikuwa amekaa jikoni, mlango wazi, anasikia kila neno.

"Nyumba hii nitatoka ndani ya jeneza," alisema. "Na mjue hata hilo jeneza nitalikagua kwanza."

"Mama, si adhabu. Wana bustani."

"Nimepalilia za kutosha."

Wakapatana hivi: Jumapili Ivonne angemleta mumewe ampime Mama akili. Mumewe ni daktari, ni kweli. Daktari wa masikio. Nikamwambia, "Wifi, Mama anasikia hadi tunachonong'ona chumbani," akanitazama kama aliyekanyaga kitu. Kama daktari angeridhika, Mama angebaki. Kama hangeridhika, Jumatatu asubuhi.

Kabla hajaondoka Ivonne akanivuta pembeni. "Wewe hutalia, najua. Si ndiyo umekuwa ukiomba miaka yote?"

Na ni kweli, nilikuwa nimeomba.

Jumapili Argia aliamka kabla yangu, akanipangia chupa mezani kama askari. Sauti ilikuwa ileile.

"Hiyo ya kahawa usitie nyingi, inakula rangi. Tia anisi. Sasa chovya. Unanung'unika nini?"

"Nasali, Mama. Si ulitaka nisali?"

"Sali haraka! Biskuti si marehemu!"

Kidogo nimwage bakuli zima kichwani mwake. Nilijiambia: kesho, Mirella, kesho utachovya unavyotaka, hata ukitaka usali rozari nzima.

Wakaja. Tukala tambi, tukala nyama, daktari akasifu kila kitu kwa adabu. Bakuli lilipofika akatoa kalamu.

"Mama, leo ni tarehe ngapi?"

"Kwani Milano hamna kalenda?"

"Ipo, Mama. Nataka kusikia kwako."

"Ni Jumapili. Ingekuwa siku nyingine msingekuja."

"Na mwaka?"

Argia akatafuna polepole. "Mwaka mbaya," akasema. Daktari akaandika. Ivonne akafumba macho kwa namna ya mtu aliyeshinda asivyopenda, akainuka, akaleta pakiti nne kutoka stoo na kuzipanga mbele ya mama yake.

"Mama, hizi zote ni za nini? Mwambie daktari."

Argia akaweka kijiko chini. Akaishika ya kwanza, akaigeuza.

"Hii ya Learco. Kaja siku ya kubariki mishumaa kanisani, kavaa soksi mbili za rangi mbalimbali. Kakaa dakika kumi, kalalamika ngiri dakika tisa."

Daktari akanitazama mimi. "Kweli?"

"Kweli," nikasema. Soksi moja ilikuwa ya kijani.

"Hii ya mke wa mhunzi. Yeye kapewa na padre, padre kapewa na mimi alipong'olewa meno. Igeuze, baba, tazama chini, nilitia alama kwa penseli nijue itazunguka muda gani."

Daktari akaigeuza. Alama ilikuwepo. Akacheka mpaka akavua miwani, na Vanni naye akacheka, na hata Ivonne akauma midomo. Ya tatu Argia akamtaja aliyeileta, aliyekuja naye, na kanzu ya padre iliyokuwa na doa siku hiyo. Yote kweli. Niliona kalamu ya daktari imelala, na nikaona Jumatatu yangu inaondoka. Sitasema uongo hapa: niliumia.

Akashika ya nne. Akaifikiria kidogo, kisha akaninyooshea mimi kidole.

"Hii kaleta huyu hapa. Kaja nayo hospitali siku ya kwanza. Kakaa nami kila siku, kanilisha kwa kijiko, kanisuka nywele. Wengine walikuwa na saa zao. Huyu hakuwa na saa."

Ivonne alinigeukia na uso ambao sijawahi kuuona kwake.

"Wewe, wifi?"

Vanni akaangalia sahani yake. Alijua. Angesema yeye, lakini katika maisha yake Vanni hajawahi kusema kitu ambacho mtu mwingine anaweza kusema.

"Ni kweli, dada?" daktari akauliza.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema "hapana, huyo ni Oriele," wangejua kichwa chake kina matundu, na kesho saa nne ningekuwa na jiko langu. Nilimtazama yule mwanamke. Alikuwa bado ameninyooshea kidole, mdomoni ana kastadi, anatabasamu. Miaka ishirini na sita hakuwahi kunitabasamia hivyo. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia sana kwa kunipa sifa nisiyostahili mbele za watu, na nilijikasirikia zaidi kwa kuwa nilitaka niwe nayo.

"Kweli," nikasema. "Ni mimi."

Daktari akatia kalamu mfukoni. "Ivonne, mama yako anakumbuka kuliko mimi. Mwacheni kwake." Ivonne akaja akanikumbatia, manukato yake yakinikaba koo, akaniomba radhi kwa mambo ambayo sikujua aliwahi kuyasema nyuma yangu. Saa kumi wakaondoka. Vanni akaenda kutazama trekta.

Nikaingia jikoni. Argia alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkongojo magotini. Karai lilikuwa limejaa vyombo, na hasira zilikuwa zimenijaa hadi kwenye vidole. Nikafungua bomba kwa nguvu.

"Umenitia kwenye uongo, Mama. Unajua? Umenidanganyisha mbele ya daktari!"

Akanitazama kwa upole, akapapasa kiti kilichokuwa kando yake.

"Acha vyombo, Oriele. Kaa kidogo tuongee," alisema. "Yule mke wa Vanni haketi nami hata siku moja."

Maji yaliendelea kumwagika. Nikayafunga. Nikajifuta mikono, nikavuta kile kiti, nikakaa.